Mshono wa Katikati

Msomaji kijana, huenda siku moja ukaitwa pamoja na wenzako kushona kitambaa kikubwa cha picha, kionyeshe maisha ya shamba na maisha ya mji. Kazi hiyo ni njema, wala siipingi. Ninachokipinga ni desturi ya kukikata kitambaa vipande viwili kabla sindano haijatungwa uzi. Watu wa shamba hupewa kipande cha kushoto: nyumba ya nyasi, mtungi, ng'ombe. Watu wa mji hupewa cha kulia: ghorofa, gari, taa. Kisha vipande huunganishwa kwa mshono wa katikati, na watazamaji hupiga makofi. Huo ni uongo ulioshonwa vizuri.

Itazame Kisumu, ambako reli ilifika ziwani mwaka 1901. Pamba ililimwa Siaya na Homa Bay. Uzi ulisokotwa na nguo ikafumwa mjini, katika kiwanda cha KICOMI. Kiwanda hicho kilipofungwa katika miaka ya 1990, hasara ilikuwa ya nani, ya mji au ya shamba? Kibarua alikosa mshahara, na mkulima akapungukiwa na mnunuzi. Siku hizi shati lililovaliwa kwanza Ulaya hununuliwa katika soko la Kibuye, likapakiwa katika matatu, likaenda kulimiwa mtama kijijini. Na pale Dunga, mwendo mfupi tu kutoka katikati ya mji, watu hukata mafunjo wakafuma mikeka. Niambie, Dunga utaishona upande gani?

Wako watakaosema kwamba picha ya watoto haihitaji ukweli wote huo. Mimi nasema mtoto aliyetumwa na nyanya yake kuleta omena mjini anaujua ukweli huo kuliko mwalimu wake wa sanaa.

Lakini liko jambo liniudhilo zaidi. Mara nyingi mchoro huchorwa mjini mpaka ukamalizika, ndipo mwanamke wa kijijini aitwe, apewe sindano, aambiwe ajaze rangi pale alipoonyeshwa. Baadaye kazi hiyo husifiwa kuwa ni ya ushirikiano! Ushirikiano gani huo, ikiwa mmoja ana fikira na mwingine ana vidole tu? Basi mkiitwa, kataeni kutunga uzi mpaka wote, wa mjini na wa kijijini, waketi mbele ya karatasi moja, ingali nyeupe.