Binti Akiitwa Kwenye Filamu, Tumuulize Anayemwita

Leo tuna jambo lililotugawa sisi wenyewe kikundini, na hata kwenye maombi tulilibeba kila mmoja kwa upande wake.

Likizo iliyopita mama mmoja wetu alipata ujumbe kwenye simu. Watu wa filamu wanafanya usaili Bukoba mjini, wanatafuta wasichana wa miaka 15 hadi 20, fomu ni shilingi 20,000. Binti yake ana miaka 16, na kipaji chake kinajulikana kisiwa kizima. Akisimama kwenye igizo la Noeli, hata wavuvi wanaopita na nyavu begani husogea dirishani.

Wengine tulisema filamu ni njia ya kupotea. Wengine tukasema Mungu hampi mtu kipaji ili akifiche chini ya kitanda. Mwisho tukakubaliana wawili wetu tumsindikize yeye na mama yake. Tulivuka kwa boti alfajiri, tukapanda gari Muleba, tukafika Bukoba saa nne. Mahali penyewe palikuwa chumba cha nyumba ya wageni. Kijana mmoja, simu moja, na wasichana kama kumi wamekaa kwenye korido. Tukauliza filamu inaitwaje. Akasema tutajua baadaye. Tukauliza nani mwingine atakuwa chumbani binti akiingia. Akajibu kwamba kina mama wasubiri nje.

Hatukusubiri. Tulimshika mkono, tukarudi stendi.

Binti alilia mpaka Muleba. Kwenye boti aligeuza uso upande wa ziwa, hakutusemesha. Tulijua tumefanya sawa. Lakini tulijua pia kwamba tumemnyima kitu na hatuna kingine cha kumpa badala yake. Hilo ndilo linalotuuma mpaka leo.

Basi tumekuwa tukisoma na kuulizana: wale wasichana ambao filamu iliwainua, waliitwa na nani, na waliitwaje? Habari iliyotugusa zaidi ni ya Rachel Mwanza wa Kinshasa.

Rachel alikuwa mtoto wa mitaani. Wazazi hawakuwapo kumlea, akashutumiwa uchawi, akaishia kulala nje. Sisi wa kanda hii ya ziwa hatuhitaji kuelezwa neno hilo linavyoweza kumtoa mtu nyumbani kwake. Alikuwa tayari ameonekana kwenye filamu ya watoto wa mitaani wa Kinshasa pale alipoingia kwenye usaili wa filamu ya mwongozaji wa Kanada, Kim Nguyen, iitwayo Rebelle. Filamu hiyo inazungumzwa kwa Kifaransa na Kilingala. Inamhusu Komona, msichana anayetekwa na waasi akiwa na miaka 12, ambaye waasi wanamwamini kuwa mchawi kwa sababu anaona mizimu. Yaani mtoto aliyefukuzwa kwa jina la uchawi ndiye aliyechaguliwa kumcheza mtoto anayeitwa mchawi. Alikuwa na miaka 14 hivi, na kusoma alikuwa hajui.

Februari 2012 alipewa tuzo ya Dubu wa Fedha ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Berlin, Ujerumani. Mwaka huohuo akashinda pia katika tamasha la Tribeca, New York. Mwaka 2013 filamu yake iliteuliwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni kwa niaba ya Kanada. Haikushinda, ilishindwa na Amour, nayo ya Kifaransa. Lakini Machi mwaka huo Rachel akachukua tuzo ya mwigizaji bora wa kike wa Kanada. Mwaka 2014 kikatoka kitabu cha maisha yake, cha binti ambaye miaka mitatu tu nyuma alikuwa hawezi kusoma ukurasa mmoja.

Tunaweza kuishia kwenye tuzo na kusema, oneni, kipaji kinalipa. Lakini kilichotushika sisi ni namna alivyotendewa. Waigizaji wale hawakupewa kitabu cha mazungumzo wakariri. Filamu ilipigwa kwa mfuatano wa hadithi, siku baada ya siku, ili mtoto asiyejua kusoma aweze kuishi hadithi hiyo badala ya kuisoma. Na kazi ilipokwisha hawakumrudisha barabarani. Watayarishaji walibeba gharama za makazi na masomo yake. Waliomchagua walijua kwamba kumchagua mtoto ni kubeba mzigo.

Mtasema Kinshasa ni mbali. Haya, tuvuke Mutukula, tupite Masaka, tuingie Kampala, ambako watu wetu huenda kununua bidhaa na kurudi. Filamu ya Queen of Katwe iliyotoka mwaka 2016 inamhusu Phiona Mutesi, msichana wa Katwe aliyeinuliwa na mchezo wa sataranji. Aliyemcheza ni Madina Nalwanga, naye mtoto wa mitaa ya kipato kidogo. Hakutumiwa ujumbe wa kulipia fomu. Alionekana kwenye darasa la ngoma la mtaani na mwanamke aitwaye Dinaz Stafford, ambaye kazi yake ni kuteua waigizaji.

Huyu mama hakuanza jana. Alikuwa miongoni mwa waliofanya kazi na watoto wa Salaam Bombay!, filamu ya mwaka 1988 ya Mira Nair, mwongozaji huyohuyo wa Queen of Katwe. Wengi wa watoto wale walikuwa wa mitaani kweli. Filamu ilipokwisha, ulianzishwa mfuko wa Salaam Baalak Trust wa kuwasaidia watoto wa namna hiyo nchini India, na mpaka leo unafanya kazi. Na hapa Kampala, Mira Nair alianzisha Maisha, mahali pa kuwafunza vijana wa Afrika Mashariki kutengeneza filamu.

Kazi hii ya mteuzi wa waigizaji wengi wetu hatuijui. Tunamjua anayeonekana kwenye kioo, pengine na mwongozaji. Hata wakubwa wa sinema walikawia kuithamini: BAFTA ya Uingereza ilianza kuitolea tuzo mwaka 2020, na Oscar ilitangaza mwaka 2024 kwamba itaitolea tuzo kuanzia filamu za 2025. Lakini mteuzi ndiye anayekaa na mamia ya watoto wa watu, anasikiliza sauti, anatazama macho, na kusema “huyu” au “huyu bado.” Mlango wa kuingilia anaushika yeye.

Nasi tunasema kazi hiyo wanawake wa Kagera tumeifanya siku zote. Posa ikija, nani anatumwa kuchunguza ukoo wa watu? Shangazi. Anakaa, anakunywa kahawa yao, anaangalia wanavyosemezana na watoto na wazee wao, kisha anarudi na neno. Binti hakabidhiwi kwa watu ambao shangazi hajawaona. Mbona linapokuja suala la filamu, muziki au mitindo, shangazi tunamwacha nyumbani na kumtuma binti peke yake na nauli mkononi?

Kwa hiyo hatukubaliani na dada zetu wanaosema dawa ni kukataa tu. Tukikataa tu, binti ataenda kwa siri, na safari hiyo hatakuwa na mtu wa kumshika mkono. Wala hatukubaliani na wanaosema tumwachie Mungu. Mungu ametupa macho na midomo ya kuuliza.

Tuulize hivi. Filamu inaitwaje, na nani anaitengeneza? Kibali kiko wapi? Bodi ya Filamu Tanzania ndiyo inayotoa vibali vya kupiga filamu nchini, na mwenye kibali haoni haya kukionyesha. Afisa utamaduni wa halmashauri anawafahamu watu hawa? Mzazi anaruhusiwa kukaa chumbani? Kuna mwanamke mtu mzima upande wao? Anayetaka pesa kwako ili akusikilize, kwa nini? Mtu anayekutafuta kwa ajili ya kazi yake ndiye mwenye kugharamia. Na swali la mwisho, ambalo Rachel ametufundisha: filamu ikiisha, mtoto wangu anabaki na nini? Shule inaendelea? Malipo yameandikwa?

Asiyeweza kujibu hayo mchana, mbele ya mama, hana cha kumpa binti huyo.

Lakini kuuliza peke yake hakutamfuta machozi yule binti wa kwenye boti. Tunamdai jukwaa. Tumezungumza na kina mama wenzetu wa Muleba, na tunapendekeza likizo ya mwezi wa sita tukusanye vijana wa visiwani na wa nchi kavu, siku tatu, kwenye ukumbi mmoja wenye milango wazi. Waigize, wasimulie, waghani kama wapiga enanga wa zamani walivyosimulia habari za watawala wa Buhaya usiku kucha. Wazazi wakae mbele. Simu zetu zinapiga video; turekodi kwa ridhaa ya mzazi na mtoto, ili siku mtu mwenye kibali akija Bukoba kutafuta sura mpya, asianzie kwenye korido ya nyumba ya wageni. Na tuteue dada wawili kati yetu wajifunze kazi hii ya kuteua, wawe mashangazi wa vipaji vya wilaya yetu.

Chakula hakitatushinda. Ndizi zipo, dagaa wapo. Nauli za boti ndizo zitakazohitaji mchango, na wenye boti tunawaomba mapema watufikirie.

Binti yetu tumemwambia mpango huu juzi. Hakucheka, wala hakutukumbatia. Aliuliza swali moja: “Safari hii mtaniacha nifike mpaka mwisho?”

Tulimjibu ndiyo. Sasa tusaidieni tusije tukawa waongo. Mungu awabariki, na awalinde walio majini.