Masisi na Walikale zinafika Ulaya, vijana wake wanabaki: rezidensi za ng'ambo ni za nani?

Kila mwaka mashirika ya sanaa na vyuo vikuu vya inchi za inje vinatangaza rezidensi kwa wasanii na watafiti ambao wanaanza kazi. Matangazo mengi yanasema mlango uko wazi kwa vijana wa inchi zote. Lakini kwa kijana wa Masisi ao Walikale, kuko milango mingine kadhaa ya kupita mbele ya kufika kwenye huo.

Kwanza, rezidensi ni nini? Ni mwaliko wa muda, wa majuma machache hadi mwaka mmoja. Msanii ao mtafiti anapewa mahali pa kulala, atelye ao meza ya kazi, na mara nyingi tiketi na pesa ya matumizi. Haitoi diploma, haimuajiri mtu, na si njia ya kuomba ukimbizi. Mtu anaenda na mradi wake: filamu, mchezo wa kuigiza, kitabu, utafiti juu ya udongo ao migogoro ya mashamba. Anatarajiwa kurudi na kazi iliyosonga mbele.

Milima inasafiri, watu wanabaki

Masisi na Walikale si majina mageni huko Ulaya. Mwaka 2013, mpiga picha wa Ireland Richard Mosse alionyesha kazi yake The Enclave katika maonyesho makubwa ya Venice, Italia. Aliipiga mashariki mwa Kongo kwa filamu maalum ambayo inageuza majani ya kijani kuwa ya rangi ya waridi. Mwaka 2015, mtunzi wa tamthilia wa Uswisi Milo Rau alifanya mahakama ya maigizo, Bukavu kisha Berlin, yenye mashahidi na wanasheria wa kweli. Moja ya kesi zake ilihusu mgodi wa Bisie, huko Walikale.

Tukiongeza koltani ya Rubaya na kasiterite ya Bisie, ambazo zimeandikiwa ripoti na vitabu vingi, tunaona jambo moja wazi. Teritwari hizi mbili zinatoa malighafi ya aina mbili: ile inayopakiwa kwenye lori, na ile ya hadithi na habari. Kwa zote mbili, faida kubwa inabaki kwa yule anayeweza kuvuka mpaka.

Kizuizi kiko mbele ya mradi kusomwa

Wengi wanafikiri vijana wa huku wanakosa nafasi juu ya kukosa kipaji ao kutojua Kiingereza. Lugha ni shida kweli, kwani matangazo mengi yako kwa Kiingereza, huku masomo yetu ni ya Kifaransa. Lakini shida kubwa ni karatasi na barabara.

Paspoti inatolewa na wizara ya mambo ya inje ya Kinshasa. Tangu mwisho wa Januari 2025, wakati AFC/M23 ilichukua Goma, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Masisi-centre ilikuwa imeanguka mwanzoni mwa mwezi ule ule. Walikale-centre ilichukuliwa Machi 2025, kisha waasi wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Kwa mtu ambaye amekimbia mara mbili ao tatu, hata cheti cha kuzaliwa na diploma vinaweza kuwa vimebaki katika nyumba iliyochomwa.

Halafu kuko viza. Kwa inchi za Schengen, mwombaji anapeleka dosie Kinshasa. Tangu Juni 2024 ada ya viza ya muda mfupi kwa mtu mzima ni euro 90, na hairudishwi hata kama viza imekataliwa. Anaombwa pia bima ya afya ya angalau euro 30.000. Kisha anatakiwa kuonyesha kwamba atarudi nyumbani: kazi, mali, akaunti ya benki. Sasa mchoraji aliyekimbia kutoka Masisi ataonyesha akaunti gani, na benki zilifungwa? Vita ambayo inafanya mradi wake uwe na maana kwa wanaoualika, ndiyo hiyo hiyo inamfanya aonekane mtu ambaye hatarudi.

Funzo la mwaka 2020

Mwaka 2020 ulitoa jibu kwa wale wanaosema huku hakuna wenye uwezo. Mpiga picha Finbarr O'Reilly alikuwa amepewa tuzo ya shirika la Carmignac ili afanye kazi juu ya Kongo. Korona ikafunga mipaka. Mradi ukageuzwa: wapiga picha na waandishi wa Kongo wenyewe wakafanya kazi ile, wengi wao wakiishi huku mashariki, kwa jina la Congo in Conversation. Kati yao walikuwa Arlette Bashizi, Moses Sawasawa, Ley Uwera, Guerchom Ndebo, Bernadette Vivuya na Pamela Tulizo. Mwaka ule ule Tulizo, mzaliwa wa Goma, alishinda tuzo ya Dior ya wapiga picha vijana.

Hawa hawakuanza kuwa na kipaji siku mipaka ilifungwa. Kilichobadilika ni nani alipewa pesa na nani aliandikwa jina.

Kwa watafiti, malalamiko ni yale yale. Miaka michache iliyopita, watafiti wa Kivu walianza kuandika wazi, katika mfululizo wa maandishi unaoitwa Bukavu Series, juu ya hali ya wasaidizi wa utafiti. Ndio wanaopanda moto, wanaoongea na makamanda, wanaojua barabara gani imefungwa leo. Kitabu kikitoka, mara nyingi jina lao liko kwenye ukurasa wa shukrani tu, ao halipo kabisa. Kwa mtu kama huyu, rezidensi ya miezi mitatu ni muda wa kuandika kwa jina lake mwenyewe, bila kuwaza pesa ya kesho.

Ulaya si mlango mmoja tu

Kuko milango ya karibu. Huko Kisangani, ambako barabara ya Walikale inaelekea kupitia Lubutu, Faustin Linyekula aliweka Studios Kabako mwaka 2006, kisha kuwafungulia wacheza dansi na wasanii vijana. Yeye mwenyewe aliishi inje, akarudi Kongo mwaka 2001. Lubumbashi kuko Picha na Waza. Kampala kuko 32° East, na Dar es Salaam kuko Nafasi Art Space. Kongo iko mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na kuvuka kwenda Kampala kunahitaji karatasi chache kuliko kwenda Paris. Tena Dar es Salaam mtu anaweza kueleza kazi yake kwa Kiswahili.

Milango hii haiondoi haki ya kwenda mbali. Lakini kazi ya kwanza iliyofanyika Kisangani ao Kampala ndiyo inajaza dosie ya pili.

Kwa anayetaka kujaribu

Mtu aanze na paspoti, hata kama hana mwaliko bado, kwa sababu muda kati ya jibu na safari ni mfupi. Aweke nakala za vyeti na za kazi zake kwenye barua pepe, si kwenye telefone peke yake. Asome vizuri nani analipa tiketi, chakula na viza, kwa kuwa kuko rezidensi ambazo zinamtoza msanii mwenyewe. Na kama mtu anaomba pesa ya "kufungua dosie" kwa namba ya telefone ya binafsi, huyo ni mwizi.

Aliye hatarini kwa sababu ya kazi yake asichanganye mambo. Kuko mipango ya ulinzi iliyo tofauti, kama ICORN kwa waandishi na wasanii, ao PAUSE ya Ufaransa, ambapo ombi linapelekwa na taasisi inayompokea, si na mtu mwenyewe.

Lakini haifai kumbebesha kijana mzigo wote. Wanaotoa rezidensi wanaweza kulipa viza na safari ya Kinshasa mbele ya wakati, na kukubali maombi ya Kifaransa ao ya sauti iliyorekodiwa. Na anayekuja Masisi ao Walikale kupiga filamu ao kufanya utafiti anaweza kuulizwa na machifu, shirika la raia na vijana, mbele hajaanza kazi: jina la nani wa hapa litaandikwa pamoja na lako, na nani wa hapa atakuwa pale siku kazi itaonyeshwa?