Ngozi si Doa la Kufutwa

Aingiapo mtu katika studio ya picha mjini Kisumu siku hizi, aghalabu hutoka na sura ambayo hata mamaye mzazi angelazimika kuitazama mara mbili. Mpiga picha humketisha, humwashia taa, kisha huihamishia picha katika kompyuta na kuanza kufuta. Chunusi huondoka, na hilo halina ubaya, maana chunusi ni mgeni wa wiki moja. Lakini mkono wake haukomei hapo. Huondoka kovu, huondoka mikunjo ya macho na vitundu vya ngozi, na mwishowe weusi wenyewe hupunguzwa, hata mvuvi wa Dunga aliyechomwa na jua la ziwani miaka arubaini akafanana na sanamu ya nta.

Kwa maoni yangu, mpiga picha anaweza kufuta kipitacho. Kidumucho ni mali ya mwenye uso, na hakiguswi bila idhini yake.

Wakazi wa Kisumu hawahitaji kutafuta mfano mbali. Mnamo Novemba 2017, mwigizaji Lupita Nyong'o, bintiye Profesa Anyang' Nyong'o aliyechaguliwa gavana wa Kisumu mwaka uo huo, aliiona picha yake katika jalada la jarida la Grazia la Uingereza. Nywele zake za asili zilizofungwa kisogoni zilikuwa zimefutwa, na zilizosalia zimelainishwa. Alilalamika hadharani. Jarida likaomba radhi, na mpiga picha, An Le, akaomba radhi vilevile. Mwaka 2019 Lupita alitoa kitabu cha watoto, Sulwe, yaani nyota kwa Kijaluo, juu ya msichana anayeuonea haya weusi wa ngozi yake. Yeye alikuwa na pa kulalamikia. Je, mama muuza samaki wa Port Victoria atamlalamikia nani?

Watetezi wa kazi hii husema kamera zenyewe zimewadhulumu weusi. Wana haki kiasi. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mzungu, na ngozi nyeusi ikatoka kama kivuli. Lakini dawa ya kiza ni taa na ustadi wa kuipima, si kumbadilisha mtu rangi. Husema pia kwamba wateja ndio waombao. Wako waombao, naam, ila wengi hawaulizwi. Programu hulainisha uso kwa kubonyeza mara moja, na simu nyingi hufanya hivyo hata kabla mwenyewe hajajiona.

Linaloniuma zaidi ni picha za tanzia. Mzee wa miaka themanini husimamishwa kando ya jeneza lake akiwa na uso wa kijana asiyewahi kushika jembe, na wajukuu ambao hawakumdiriki hurithi sura hiyo ukutani.

Norway, tangu Julai 2022, imelazimisha matangazo ya biashara yenye miili au ngozi zilizobadilishwa yatiwe alama. Studio zetu hazihitaji kungoja sheria. Mteja na apewe picha mbili, ya asili na iliyoguswa, achague mwenyewe ile itakayotundikwa, na ya asili isifutwe katika kompyuta.