"Mjumbe mmoja alishauri" haitoshi

Kikao cha Jumatano, na Rehema Mwinshehe

Soma muhtasari wa kikao wa karibu ofisi yoyote. Mwenyekiti ametajwa kwa jina na cheo, katibu ametajwa, hata waliotoa udhuru wametajwa. Ukifika kwenye "mengineyo", pale ambapo aliyeajiriwa mwezi uliopita hupata nafasi ya kunyoosha mkono, majina yanakauka ghafla: "mjumbe mmoja alishauri", "ilipendekezwa kwamba". Baada ya miezi sita pendekezo lile limeshakuwa mradi, lina bajeti na bango lake mlangoni, na hakuna karatasi inayoonyesha lilitoka kwa nani. Tukizungumzia kuwasikiliza wafanyakazi wapya, huwa tunahubiri tabia za bosi: awe mpole, mlango wake uwe wazi, aweke sanduku la maoni. Kwangu mimi hiyo ni nusu ya kazi. Wazo la mgeni linakuwa limethaminiwa pale linapoandikwa kwa jina lake na tarehe, pamoja na neno juu ya atakachopata likifanikiwa, kabla halijaanza kutumika.

Ushahidi mzito kuliko wote uko Afrika Kusini. Mwaka 2000 Nkosana Makate alikuwa mhasibu mwanafunzi katika kampuni ya simu ya Vodacom, mbali kabisa na idara ya kubuni bidhaa. Mchumba wake alikuwa chuoni na mara nyingi hakuwa na salio. Makate akawaza: kwa nini asiye na salio asiweze kumpelekea mwenzake ujumbe wa bure wa kumwomba apige? Sisi tuliokulia kwenye kubipu tunaielewa shida hiyo bila kuelezwa. Lilikuwa wazo la kawaida, la kijana anayewaza mapenzi na vocha. Akaliandika kwenye dokezo, likafika kwa mkurugenzi wa bidhaa, Philip Geissler, na kampuni ikalikubali. Machi 2001 huduma ya Please Call Me ilikuwa hewani, na jarida la ndani la wafanyakazi likamsifu Makate kwa jina. Kwa kipimo cha sanduku la maoni, hapo kila kitu kilikuwa kimekwenda sawa. Kilichokosekana ni kiwango. Makate alitaka asilimia 15 ya mapato, wakakubaliana malipo yazungumzwe baadaye, huduma ikishaonekana inalipa. Hayakuzungumzwa. Mwaka 2009 aliyekuwa mkuu wa kampuni, Alan Knott-Craig, akaandika katika kitabu cha maisha yake kwamba wazo lile lilikuwa lake mwenyewe. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ikathibitisha kwamba mwenye wazo ni Makate, lakini ikaona dai lake limepitwa na wakati. Aprili 2016 Mahakama ya Katiba ikatengua hukumu hiyo na kuamuru pande mbili zijadiliane kwa nia njema. Mwaka 2019 akatajiwa randi milioni 47, akazikataa, na mawakili wakarudi mahakamani. Makate na Vodacom walimalizana nje ya mahakama Novemba 2025. Robo karne imekwenda kwa jambo ambalo nusu ukurasa ungelitosheleza.

Wako watakaosema wazo ni rahisi, kazi iko kwenye utekelezaji. Ni kweli: Makate hakujenga mitambo wala hakulipa wahandisi. Lakini hoja hiyo inahusu ukubwa wa fungu lake, na mtu hawezi kuitumia kufuta jina. Wengine watasema mshahara umeshalipia mawazo yote, na tukianza kuyawekea bei, ofisi itageuka soko. Hofu hiyo imeshapimwa. Ujerumani ina sheria ya uvumbuzi wa wafanyakazi tangu mwaka 1957, inayomtaka mwajiri anayechukua uvumbuzi wa mfanyakazi wake amlipe fidia inayostahili, na viwanda vya Ujerumani havikufa kwa sababu hiyo. Toyota imekuwa ikikusanya mapendekezo ya wafanyakazi wake tangu 1951, hata ya kusogeza meza au kupunguza hatua moja kwenye mstari wa kuunda magari, na kuyatolea zawadi. Watu wengi hawadai utajiri. Wanachodai ni kutosahaulika.

Hoja iliyo ngumu zaidi ni kwamba mgeni haijui ofisi, na mengi anayoyasema ama yalishajaribiwa au hayawezekani. Naikubali nusu yake. Erasto Mpemba alipokuwa mwanafunzi wa shule ya Magamba mwaka 1963 aliona mchanganyiko wa aiskrimu aliouingiza kwenye friza ukiwa moto ukiganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa, na kwa kanuni za kitabuni mwalimu alikuwa na sababu. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Mpemba alimuuliza swali lile lile Dk. Denis Osborne, mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Osborne naye alikuwa na shaka. Tofauti ni kwamba alirudi Dar es Salaam akaagiza jaribio lifanyike, na makala ilipochapishwa mwaka 1969, jina la Mpemba lilitangulia lake. Wanasayansi bado wanabishana kama maji ya moto kweli huganda haraka. Wakibishana, wanaitaja "athari ya Mpemba". Mkubwa hakulazimika kuamini kwanza ndipo aandike jina. Ilimtosha kupima kwa uaminifu.

Limebaki jambo moja ambalo makampuni yetu yangefaa kulisoma kwa makini. Utetezi mkubwa wa Vodacom mahakamani ulikuwa kwamba Geissler hakuwa na mamlaka ya kumwahidi mtu mgawo wa mapato. Mahakama ya Katiba ilijibu kwamba kampuni yenyewe ilimweka kwenye kiti kilichomfanya aonekane ana mamlaka hayo, na kijana wa uhasibu hakuwa na sababu ya kutilia shaka. Basi meneja anayemwambia mgeni "wazo zuri, tutakuangalia" ajue kwamba huenda ameshaifunga kampuni yake kwa ahadi, na katibu wa kikao ana haki ya kumuuliza palepale, kabla chai haijaletwa: nimwandike nani, na niandike tutamwangalia kwa kiasi gani?