Mlinzi chipukizi asihukumiwe kwa jina la chuo

Kila mwaka ifikapo mwezi Septemba, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, yaani NFL, hufungua msimu wake. Vijana waliotoka vyuo vikuu miezi michache tu iliyopita huingizwa uwanjani mbele ya makumi ya maelfu ya watazamaji, wakipambana na watu wazima waliokwisha kukomaa katika kazi hiyo. Hazipiti wiki 3 kabla hukumu haijatolewa. Mlinzi aliyepitwa na mshambuliaji mara 2 huitwa hasara. Aliyebahatika kuunasa mpira mmoja huitwa shujaa. Na mara nyingi hukumu hiyo hupigwa muhuri kwa maneno yale yale: katoka chuo kidogo, angeweza nini? Au: katoka chuo kikubwa, atashindwaje?

Yapo mambo mengi ya michezo yanayoweza kuachwa yawe mazungumzo ya barazani. Hili si mojawapo, kwa kuwa linagusa riziki ya kijana. Katika kambi ya kiangazi timu moja huweza kuwa na wachezaji 90, lakini msimu unapoanza hubaki 53 tu katika kikosi. Mchezaji aliyeteuliwa kutoka chuoni hupewa mkataba wa miaka 4; asiyeteuliwa, akipata timu, hupewa wa miaka 3. Hata hivyo, kwa walio wengi karatasi hiyo haiizuii timu kuwaachisha kazi kabla ya muda kwisha. Naye aliyechukuliwa katika duru ya kwanza ya uteuzi husubiri uamuzi wa waajiri wake baada ya msimu wa 3, iwapo wataongeza mwaka wa 5 au la. Kwa hiyo neno la haraka linalotamkwa juu ya mlinzi chipukizi huweza kumfungia mlango ambao hautafunguliwa tena.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza kukumbuka jinsi mchezo wenyewe ulivyo. Mpira wa Kimarekani haufanani na kandanda. Kila timu ina kikosi cha mashambulizi na kikosi kingine cha ulinzi, na wachezaji 11 wa kila upande hukabiliana kwa zamu. Upande wenye mpira hupewa nafasi 4 za kusogea mbele yadi 10. Kiongozi wa mashambulizi ni mrusha mpira. Walinzi wa mbele hupigana kumfikia na kumwangusha kabla hajautoa mpira mikononi, na walinzi wa nyuma huwaandama wapokeaji ili mpira usiwafikie. Vijana wa vyuo huingia katika ligi kwa uteuzi unaofanywa kila mwaka katika duru 7, na timu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo kwa kawaida hutangulia kuchagua.

WALINZI WANNE WA MWAKA 2014

Uteuzi wa mwezi Mei 2014 unatoa mfano ulio wazi. Wa kwanza kabisa kuitwa alikuwa mlinzi Jadeveon Clowney wa Chuo Kikuu cha South Carolina, aliyechukuliwa na Houston. Wa 5 alikuwa Khalil Mack wa Chuo Kikuu cha Buffalo, aliyekwenda Oakland. Wa 13 alikuwa Aaron Donald wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, aliyekwenda St. Louis, na baadhi ya watu walinung'unika kwamba ni mfupi mno kwa nafasi yake. Duru zote 7 zilikwisha bila ya kutajwa jina la Malcolm Butler, mlinzi wa nyuma kutoka Chuo Kikuu cha West Alabama.

Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Msimu wa kwanza ulipokwisha, asubuhi ya walinzi hao ilikuwa hivi. Donald alikuwa amewaangusha warusha mpira mara 9, na akapewa tuzo ya mlinzi chipukizi bora wa mwaka. Mack aliwaangusha mara 4 tu. Clowney aliumia goti katika mchezo wake wa kwanza, akacheza michezo 4 kwa jumla, wala hakumwangusha mrusha mpira hata mmoja. Butler alikaa nje muda mwingi, na katika michezo ya kawaida ya msimu alianza mmoja tu.

Kwa Donald, methali ilisema kweli. Alikuja kuchaguliwa mlinzi bora wa ligi nzima mara 3, mwaka 2017, 2018 na 2020, na alistaafu mwaka 2024 akiwa amecheza misimu 10. Lakini kwa wengine asubuhi ilificha mengi. Mack, yule wa mara 4, aliangusha mara 15 katika msimu wa 2015, na kati ya hizo 5 zilikuwa katika mchezo mmoja dhidi ya Denver mwezi Desemba. Msimu huo akawa mchezaji wa kwanza kuwekwa katika kikosi bora cha ligi kwa nafasi 2 tofauti kwa mpigo. Mwaka 2016 akawa mlinzi bora wa ligi. Clowney naye, baada ya kupona, aliitwa katika mchezo wa nyota wa ligi misimu 3 mfululizo, kuanzia 2016 hadi 2018. Aliyewahukumu wawili hao mwezi Desemba 2014 aliyahukumu maradhi ya goti na upungufu wa timu, akadhani anawahukumu wachezaji.

HESABU ISIYOSEMA YOTE

Hapana budi kuuliza kwa nini Mack aliangusha mara 4 tu. Oakland ya mwaka 2014 ilipoteza michezo yake 10 ya mwanzo, na ikamaliza msimu kwa kushinda 3 na kupoteza 13. Kocha mkuu aliondolewa baada ya michezo 4 tu. Sasa, timu inayoongoza haina haja ya kuurusha mpira. Hukimbia nao chini ili saa iende. Mlinzi wa timu inayopoteza kila wiki, basi, hukutana na wakimbiaji kuliko warushaji, na nafasi zake za kumwangusha mrushaji hupungua. Kazi aliyokuwa nayo Mack ilikuwa kuwazuia wakimbiaji, na kazi hiyo aliifanya vizuri tangu mwanzo. Waliotazama mchezo waliona. Waliosoma safu moja ya takwimu hawakuona.

Aidha, safu hiyo haihesabu mara ambazo mlinzi alimfikia mrushaji kwa kuchelewa kidogo tu, akamlazimisha kuutupa mpira ovyo. Kwa walinzi wa nyuma jambo ni gumu zaidi, kwa sababu mlinzi mzuri huogopwa, na anayeogopwa huonekana kama hana kazi. Mathalan, Ahmad Gardner, aliyetoka Chuo Kikuu cha Cincinnati na kuchezea New York Jets mwaka 2022, alinasa mipira 2 tu katika msimu wake wa kwanza. Anayehesabu mipira iliyonaswa angemwona wa kawaida. Lakini mipira aliyoizuia isiwafikie wapokeaji ilikuwa 20, na kijana huyo aliwekwa katika kikosi bora cha ligi na kupewa tuzo ya mlinzi chipukizi bora.

JINA LA CHUO

Hoja ya chuo nayo yataka kupimwa kwa haki. Ni kweli kwamba vyuo vikubwa vina makocha wengi, viwanja vya fahari na mashindano makali, na kwamba wachezaji wengi bora hupitia huko. Timu inayomtazama kijana aliyewashinda walio dhaifu ina haki ya kujiuliza kama atawaweza walio imara. Swali hilo ni halali. Kosa ni kulijibu kwa jina lililoandikwa kifuani mwa jezi.

Vernon Gholston alitoka Ohio State, mojawapo ya vyuo mashuhuri kabisa katika mchezo huu, ambako mwaka 2007 aliwaangusha warusha mpira mara 14. Mwaka 2008 aliteuliwa wa 6 na New York Jets. Alikuwa na jina, alikuwa na umbo, alikuwa na nguvu na kasi. Katika misimu 3 aliyoichezea timu hiyo hakumwangusha mrusha mpira hata mara moja, na mwaka 2011 aliachwa.

Mack alitoka Buffalo, chuo ambacho hakikuwa kikitajwa kabisa miongoni mwa vigogo. Alipokuwa akimaliza shule ya sekondari katika jimbo la Florida, vigogo hao hawakumtaka. Lakini tarehe 31 Agosti 2013 Buffalo ilikwenda kucheza na Ohio State iyo hiyo. Buffalo ilifungwa 40 kwa 20, na asiyetazama zaidi ya matokeo angesema chuo kidogo kimepata kilichostahili. Ndani ya kushindwa huko, Mack alimfikia mrusha mpira tena na tena, akaunasa mpira mmoja na kukimbia nao yadi 45 hadi kufunga. Mchezo huo mmoja ulisema mengi zaidi kuliko umaarufu wa vyuo vyote viwili, kwa kuwa ulionyesha alichokifanya kijana alipokabiliwa na wenye nguvu.

Hapo ndipo ilipo maana halisi ya kuchunguza chuo alikotoka mchezaji. Mchunguzi aulize kijana alikabiliana na nani, alifundishwa nini, alipewa nafasi gani uwanjani, na aliendelea vipi kutoka mwaka wa kwanza hadi wa mwisho. Chuo ni mahali pa kutafutia ushahidi. Hakiwezi kuwa hukumu yenyewe.

KUSHINDWA NA KUJIFUNZA

Butler ndiye anayefundisha zaidi. Njia yake ilikuwa na miiba. Alianzia chuo cha miaka 2 katika jimbo la Mississippi, akaondolewa katika timu, akafanya kazi ya kuuza kuku wa kukaanga, kisha akarudi masomoni na kuishia West Alabama, chuo cha daraja la pili. Mwezi Mei 2014 timu ya New England ilimwita kwa majaribio tu, na akabaki.

Tarehe 1 Februari 2015 New England ilikutana na Seattle katika fainali. Katika nusu ya pili ya mchezo, Butler aliingizwa. Mchezo ulipokaribia kwisha akashindwa kumzuia mpokeaji Jermaine Kearse, aliyeudaka mpira akiwa chini baada ya kuugonga huku na huko, na Seattle ikasogea karibu na mstari. Laiti mchezo ungekwisha hapo, Butler angebeba lawama, na chuo chake kingebeba pamoja naye. Lakini michezo 2 baadaye, Seattle ikiwa imebakiwa na yadi 1 tu, Butler aliisoma nia ya mrushaji, akamtangulia mpokeaji na kuunasa mpira zikiwa zimesalia sekunde 20. New England ikashinda 28 kwa 24. Ulikuwa mpira wa kwanza kuunasa tangu aingie katika ligi.

Wengi waliita bahati. Butler mwenyewe alieleza kwamba mazoezini, kabla ya fainali, alijaribiwa kwa mchezo uo huo na akashindwa. Alichelewa, mpira ukampita. Alikosea palipokuwa na nafasi ya kukosea, akalishika somo, na siku ya siku hakuchelewa. Katika msimu uliofuata alikuwa mlinzi wa kudumu, na aliitwa katika mchezo wa nyota.

Wapo watakaosema kwamba timu hazina muda wa kungoja, kwa maana fedha nyingi zimetumika na mashabiki wanadai ushindi. Hoja hiyo ina uzito, na kweli si kila chipukizi anayesubiriwa hukomaa. Gholston alisubiriwa misimu 3. Lakini subira inayotakiwa si ya kufumba macho. Mwenye kusubiri hutazama kila wiki kama kosa la jana linarudiwa leo, kama mlinzi anasimama mahali alipotakiwa kusimama, kama anaupata upesi zaidi mpira aliouchelewea mwanzo. Mlinzi anayerudia kosa lile lile kwa misimu 2, akiwa mzima wa mwili na akiwa amepewa kazi inayomfaa, amekwisha kujihukumu mwenyewe. Kabla ya hapo, anayemhukumu anakisia.

Hivyo basi, wajibu upo kwa wote wanaousemea mchezo huu. Makocha wawape walinzi chipukizi kazi inayolingana na uwezo wao kabla ya kudai hesabu. Waandishi wa michezo waeleze mchezaji alitumwa kufanya nini kabla ya kueleza alikosa nini. Na mashabiki, walio na haki ya kushangilia na ya kukasirika, wakumbuke kwamba katika msimu wa 2014 mlinzi aliyeamua fainali alikuwa yule ambaye katika duru 7 za uteuzi hapakuwa na timu hata moja, kati ya timu 32, iliyolitaja jina lake.