Wauguzi 10 kati ya 300: Kiingereza cha kazi hakiingii kwa kunakili noti

Unakumbuka Novemba 2021? Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alisema wauguzi 300 walifanya mtihani wa Kiingereza ili waende kufanya kazi Uingereza, na waliopita walikuwa 10 pekee. Mtandaoni tuliwacheka sana. Hata mimi nilicheka.

Lakini hebu fikiria. Hawa ni watu waliofundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la nne, wakafanya KCSE, wakasomea uuguzi. Sasa kilikwama wapi?

Angalia OET, mmoja wa mitihani inayokubalika huko kwa wauguzi. Sehemu ya kuzungumza ni maigizo mawili, kila moja kama dakika tano. Unapewa kadi: wewe ni muuguzi, yule mwingine ni mgonjwa au jamaa yake. Mtulize, mweleze, mjibu. Yaani ni mchezo. Na mchezo ambao hujawahi kuucheza, utaushinda vipi?

Mimi nilisomea umeme katika chuo kimoja katikati ya jiji, mihula mitatu tu, karo ikanishinda. Somo la mawasiliano lilikuwa hivi: mwalimu anasoma, sisi tunaandika. Aina za barua, vizuizi vya mawasiliano, basi. Hakuna siku niliambiwa nimweleze mteja kwa nini fyuzi yake inaungua kila wiki. Kisha siku yangu ya kwanza kwa mjengo, injinia akaniuliza kwa Kiingereza bodi ina shida gani. Shida nilikuwa naijua. Maneno ndiyo yalipotea. Nikasema tu imekufa. Akamgeukia msee mwingine.

Wewe unayesoma sasa, jaribuni hii darasani. Wawili mkae mgongo kwa mgongo. Mmoja ana mchoro wa saketi, mwingine ana karatasi tupu na kalamu. Mwenye mchoro aeleze kwa Kiingereza, mwenzake achore. Mkilinganisha, mtaona ni neno gani lilikosekana. Wa saluni, mmoja awe mteja aliyeunguzwa na dawa ya nywele, mwingine amtulize na kumweleza atakachofanya. Au eleza breka ni nini bila kutaja umeme, swichi wala waya. Hapo lazima useme ndiyo kazi iende, na ukikosea hakuna anayekukata alama.

Najua walimu watasema michezo ni ya chekechea, na darasa limejaa. Wana haki kiasi. Mchezo usio na lengo ni kelele. Kuwataka mafundi wa mabomba wataje majina ya wanyama ni kupoteza saa. Na sisi wanafunzi pia tuna lawama: mtihani ukikaribia, ndio wa kwanza kuitisha noti, kwa sababu alama ziko kwenye karatasi.

Hapo ndipo pa kurekebisha. Vyuo vyetu vya ufundi vinahamia mtaala wa umilisi, CBET, unaompima mwanafunzi kwa kutenda. Ukifunga soketi, mkaguzi anaiangalia soketi. Basi Kiingereza nacho kipimwe hapo hapo: funga soketi, kisha nieleze ulichofanya na hatari iliyobaki. Alama zikienda kwa kusema, noti zitapungua zenyewe.

Na usiniambie kuwa mgonjwa wa hapa Kabiria anaongea Kiswahili na Sheng. Ni kweli, na ahudumiwe hivyo. Lakini kijitabu cha mashine, usaili wa kazi na mtihani wa kwenda ng'ambo bado vinakuja kwa Kiingereza.

Huku kwetu hatukosi wa kucheza naye. P.C. Kinyanjui iko hapa Riruta, na jioni mtaa hujaa wanafunzi wa ufundi. Mimi hucheza Jumapili na jirani anayesomea uuguzi. Ananieleza dawa kama mzee anayeogopa sindano. Mimi namweleza kwa nini soketi yake inatoa cheche. Wiki ya kwanza tulicheka kuliko tulivyoongea. Wiki jana alinikatiza katikati ya sentensi: ameelewa, sasa niende niirekebishe.