Kubadilishana mbegu si mchezo wa watoto

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa huu nitoe maoni yangu kuhusu mbegu za miti ya kigeni ambazo walimu na wanafunzi tumekuwa tukibadilishana baina ya shule na shule huku wilayani Muheza. Ofisa mmoja aliyetutembelea alisema kuwa huo ni mchezo, akashauri vitalu vyote viwe vya mchicha. Kuhusu mchicha simpingi, maana tunaula. Lakini mahindi na mihogo tunayoiita chakula chetu ilitoka bara la Amerika, na karafuu za Unguja na Pemba asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia. Mtu wa kwanza kuziotesha hapa yawezekana naye alichekwa.

Wenzetu wa nje hawaoni haya katika jambo hili. Mwaka 1892 mtawala mmoja wa Kijerumani huku Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliona ua dogo la zambarau katika misitu ya Usambara, akalituma kwao Ujerumani. Leo ua hilo hukuzwa ndani ya nyumba Ulaya na Marekani, kwa sababu baridi ya nje hulimaliza, na wapenzi wake wana vyama kabisa vya kubadilishana majani na mbegu. Sisi wenye ua, watoto wetu wengi hawalijui.

Ugumu wa kazi hii uko kwenye mbegu zenyewe. Wengi hudhani kila mbegu huanikwa juani kama mahindi. Mbegu za kakao, shokishoki, doriani na fenesi zikikauka zimekufa. Hazina budi kupandwa mbichi, siku chache tu baada ya tunda kuliwa. Ndiyo maana bahasha nyingi tunazopokea ni za maiti. Papai ni kinyume chake: ule utelezi unaozunguka mbegu huzuia kuota, kwa hiyo huoshwa, kisha mbegu huanikwa kivulini. Mkrismasi nao una ganda gumu. Mbegu zake humwagiwa maji ya moto na kulazwa humo usiku kucha. Mwanafunzi wa darasa la tano akiyafanya haya kwa mikono yake hayasahau, wala hahitaji fimbo ili ayakariri.

Hata hivyo, si kila mbegu ipokewe. Hapo Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, mti wa mhesi ulioletwa kutoka nje ya Usambara umeingia msituni na kuenea, hondohondo wakila matunda yake na kuzisambaza mbegu. Kwa sababu hiyo nashauri kila bahasha iandikwe jina la mmea, mahali ulipotoka na tarehe ya kuchuma, na ile isiyo na jina ichomwe moto. Mbegu za kutoka nje ya nchi zisipokewe bila kibali cha wakaguzi wa afya ya mimea.

Naomba wahusika wa elimu wilayani watuachie angalau tuta moja kwa kila shule kwa kazi hii. Likiwa ni kubwa mno, watupe nusu, inayobaki iwe ya mchicha.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Muheza, Tanga.